Kutoka au Kubaki: Wagiriki na Mjadala wa Yuro, 2010–2015

Jumapili ya tarehe 5 Julai 2015 Wagiriki walipiga kura ya maoni. Karatasi ya kura iliwauliza kama wanakubali mapendekezo ya wadai wao, yaliyokuwamo katika nyaraka mbili za kitaalamu ambazo wapiga kura wengi hawakuwahi kuzishika mkononi. Jibu la "Hapana" lilichapwa juu, la "Ndiyo" likawekwa chini yake. Asilimia 61 walisema hapana. Siku nane baadaye, asubuhi ya tarehe 13 Julai, waziri mkuu wao Alexis Tsipras alitoka katika kikao cha Brussels kilichokesha kwa saa 17, akiwa amekubali masharti ambayo wachambuzi wengi waliyaona kuwa makali kuliko yale yaliyokataliwa na wananchi.

Wengi wetu katika klabu hii tulikuwa bado watoto wa shule mwaka huo. Hata hivyo, kila mazungumzo yetu yanapogusa sarafu moja ya Afrika Mashariki, Ugiriki haikosi kutajwa. Mmoja husema: tazameni, yuro iliwanyonga. Mwingine hujibu kwamba wangetoka tu, wakarudi kwenye drakma yao, na shida ingekwisha. Tumeona afadhali tuirudie historia yenyewe, kwa sababu tunadhani kauli zote mbili zinachanganya mambo mawili, deni na sarafu, na hata Wagiriki wenyewe waliyachanganya kwa miaka mitano.

Tuanze na deni. Taifa la kisasa la Ugiriki lilizaliwa likiwa linadaiwa: mikopo yake ya kwanza ilichukuliwa hapa London mwaka 1824 na 1825, vita vya kujikomboa kutoka kwa dola ya Osmani vikiwa bado vinapiganwa. Mwaka 1893 serikali ilishindwa kulipa. Mwaka 1898, baada ya kushindwa vitani na Waturuki, ililazimika kuikubali tume ya mataifa makubwa ya Ulaya iliyosimamia mapato ya chumvi, mafuta ya taa, viberiti na forodha ya bandari ya Piraeus, ili wadai walipwe kwanza. Kwa hiyo mzee wa Athens aliposikia mwaka 2010 kwamba wakaguzi wa kigeni wanaingia wizarani na mafaili yao, hakuwa akisikia habari ngeni.

Ugiriki iliingia katika yuro tarehe 1 Januari 2001, na mwaka mmoja baadaye noti na sarafu za yuro zikaingia mifukoni mwa watu kwa kiwango cha drakma 340.75 kwa yuro moja. Kabla ya hapo, aliyeikopesha serikali ya Ugiriki alidai riba kubwa, kwa kuhofia kwamba atakapolipwa drakma itakuwa imeshuka. Yuro iliiondoa hofu hiyo. Kwa miaka kadhaa wenye fedha waliikopesha Ugiriki kwa riba inayokaribia ile ya Ujerumani, kana kwamba nchi hizi mbili zilikuwa mtu mmoja mwenye mifuko miwili. Kukopa harusi, kulipa matanga: mishahara ya umma ilipanda, pensheni zikapanda, silaha zikanunuliwa, Michezo ya Olimpiki ya 2004 ikaandaliwa, na kodi nyingi zikaachwa bila kukusanywa, hasa kwa wenye uwezo wa kuzikwepa.

Mwaka 2004 serikali mpya ilikiri kwamba takwimu za nakisi zilizotolewa miaka ya nyuma zilikuwa pungufu kuliko hali halisi. Jambo hili lilitangazwa wazi, likaandikwa magazetini, na bado mabenki ya Ufaransa na Ujerumani yaliendelea kununua dhamana za serikali ya Ugiriki. Tunalitaja kwa makusudi, kwa sababu katika mjadala uliofuata mkopaji aliitwa mvivu na mwongo, lakini mkopeshaji aliyejua habari hizi na kuendelea kukopesha hakupewa jina lolote.

Oktoba 2009 chama cha PASOK cha George Papandreou kilishinda uchaguzi, na wiki chache baadaye waziri wake wa fedha akawaambia wenzake wa Ulaya kwamba nakisi ya mwaka huo itapita asilimia 12 ya pato la taifa, karibu mara mbili ya ilivyokuwa imetarajiwa. Hesabu za mwisho ziliipandisha kupita asilimia 15. Riba ikaruka. Tarehe 23 Aprili 2010 Papandreou alisimama katika kisiwa kidogo cha Kastellorizo, bahari ya buluu nyuma yake, akatangaza kwamba anaomba msaada. Mwezi Mei ukaja mkopo wa yuro bilioni 110: bilioni 80 kutoka kwa nchi zenzake za yuro na 30 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Masharti yake ni yale ambayo msomaji yeyote kutoka kwetu anayatambua bila kuambiwa: punguza mishahara ya umma, punguza pensheni, ongeza kodi, uza mali ya serikali.

Sehemu kubwa ya fedha za mikopo ile haikukaa Ugiriki. Ilipita kwenda kuwalipa wadai wa zamani na baadaye kuziokoa benki za nchini. Kwa njia hiyo deni lililokuwa la mabenki binafsi likahamia polepole kwa walipa kodi wa Ulaya. Hapo mjadala ukageuka sura. Mwaka 2009 Mjerumani wa kawaida hakuwa na sababu ya kumfikiria Mgiriki. Kufikia 2012 alikuwa ameambiwa kwamba fedha zake ndizo zimekwenda huko, na Mgiriki alikuwa ameambiwa kwamba Mjerumani ndiye aliyeikata pensheni ya mama yake. Mabenki yalikuwa yameshaondoka katikati yao.

Waswahili tunasema dawa ya deni ni kulipa. Wajerumani nao, katika lugha yao, hutumia neno lenye mzizi mmoja kwa deni na kwa hatia. Magazeti ya pande zote yalizitumia sana fikra za namna hii. Huko Ujerumani iliandikwa kwamba Wagiriki wauze visiwa vyao. Athens nako wakakumbusha vita: uvamizi wa 1941 hadi 1944, njaa, na mkopo wa lazima ambao Benki ya Ugiriki ilitozwa na wavamizi. Wakakumbusha pia kwamba tarehe 27 Februari 1953, London, wadai wa Ujerumani Magharibi walikubali kufuta karibu nusu ya deni lake la kabla na baada ya vita, na Ugiriki ilikuwa miongoni mwa waliotia saini. Kwa maoni yetu hoja hii ya 1953 ilikuwa na nguvu kuliko zote zilizotolewa katika miaka ile, maana ilionyesha kwamba Ulaya yenyewe iliwahi kujua dawa nyingine ya deni. Lakini ilitolewa kwa hasira, ikapokewa kwa hasira.

Na sarafu je? Katika miaka miwili ya mwanzo, kutoka kwenye yuro lilikuwa jambo la watu wachache. Mmoja wao alikuwa mchumi Costas Lapavitsas, profesa wa SOAS hapa London, chuo ambacho kwetu kinajulikana zaidi kwa kufundisha Kiswahili. Yeye na wenzake walisema waziwazi kwamba nchi isiyo na uwezo wa kushusha thamani ya sarafu yake itabaki na njia moja tu ya kurudisha ushindani wake, nayo ni kushusha mishahara, na kwamba njia hiyo ni ndefu na ya ukatili. Februari 2012 wachumi wawili wa benki ya Citi wakabuni neno "Grexit", na tangu hapo jambo likawa na jina, na lenye jina huzungumzwa.

Kabla ya hapo, tarehe 31 Oktoba 2011, Papandreou alikuwa ametangaza kura ya maoni juu ya mkopo wa pili. Siku chache baadaye aliitwa Cannes, mahali pa mkutano wa G20, na Angela Merkel na Nicolas Sarkozy wakamweleza kwamba kama ni kura, basi swali liwe moja: mnabaki katika yuro au mnatoka? Kura ikafutwa, Papandreou akajiuzulu, na nafasi yake ikachukuliwa na Lucas Papademos, aliyekuwa gavana wa Benki ya Ugiriki nchi ilipoingia katika yuro na baadaye makamu wa rais wa Benki Kuu ya Ulaya. Hakuna mpiga kura aliyemchagua.

Machi 2012 likatokea jambo ambalo halizungumzwi sana, na sisi tunaona ndilo kiini cha hadithi nzima. Wadai binafsi walikubali kupoteza zaidi ya nusu ya thamani ya dhamana zao, asilimia 53.5 ya kiasi kilichoandikwa. Ulikuwa msamaha mkubwa. Lakini dhamana za zamani, kwa sehemu kubwa sana, zilikuwa chini ya sheria ya Ugiriki, maana yake Bunge la Athens lingeweza, kama lingetaka, kupitisha sheria kwamba zitalipwa kwa drakma. Dhamana mpya walizopewa wadai badala ya zile ziliwekwa chini ya sheria ya Uingereza. Kuanzia siku hiyo, serikali ingebadili sarafu ya nchi usiku mmoja na bado deni hilo lingebaki kuwa la yuro, likidaiwa katika mahakama za London. Na mikopo ya nchi za Ulaya na ya IMF ndiyo kabisa, haikuwahi kuwa ya drakma. Drakma mpya ingeshuka, labda kwa nusu, na deni lingepanda, labda mara mbili, ukilihesabu kwa drakma. Mlango wa kutokea haukufungwa, ila siku ile uliongezewa mzigo wa kubeba.

Tunaupita upesi muda uliofuata. Julai 2012 Mario Draghi wa Benki Kuu ya Ulaya aliahidi London kwamba atafanya lolote litakalohitajika kuilinda yuro, na masoko yakatulia. Ugiriki haikutulia. Pato la taifa lilikuwa likielekea kupungua kwa robo nzima likilinganishwa na la 2008. Ukosefu wa kazi ulipita asilimia 27 mwaka 2013, na kwa vijana ulizidi nusu. Waliosoma waliondoka, tuliosoma nao madarasa mamoja hapa Uingereza tunajua ni wangapi hawakurudi.

Tarehe 25 Januari 2015 chama cha Syriza kilishinda kikiwa na asilimia 36 ya kura. Kilichoahidi ni vitu viwili kwa pamoja: kukomesha kubana matumizi, na kubaki katika yuro. Wapo waliosema tangu mwanzo kwamba vitu hivyo haviwezi kukaa chungu kimoja. Lakini Syriza haikuvibuni. Ilivichukua vilevile vilivyokuwa vichwani mwa watu. Uchunguzi wa maoni katika miaka ile ulionyesha tena na tena kwamba Wagiriki wengi, takriban saba katika kumi, hawataki kuiacha yuro, na walio wengi hao hao hawataki masharti.

Kwa nini waing'ang'anie sarafu iliyokuwa ikiwatesa? Wageni wengi waliona ni ujinga. Sisi hatuoni hivyo. Mstaafu mwenye akiba ya yuro elfu kumi benki alijua kwamba siku drakma itakaporudi, akiba yake itageuzwa drakma kwanza, kisha drakma ishuke. Tajiri alikuwa amekwisha kupeleka fedha zake Uswisi au kununua nyumba London, na drakma ikishuka angerudi kununua kwa bei ya chini. Mafuta na sehemu kubwa ya dawa hutoka nje. Na waliokuwa wazee walikumbuka drakma ya wakati wa uvamizi, noti zenye sifuri zisizohesabika. Kwa mtu wa namna hiyo yuro ilikuwa kitu kimoja ambacho wanasiasa wake hawakuweza kukichapisha.

Mazungumzo ya miezi mitano kati ya waziri wa fedha Yanis Varoufakis na wenzake hayakuzaa kitu. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Juni Tsipras alitangaza kura ya maoni. Kesho yake Benki Kuu ya Ulaya ilikataa kuongeza mkopo wa dharura uliokuwa ukiziweka hai benki za Ugiriki. Benki zikafungwa. Mashine za kutolea fedha zikatoa yuro 60 kwa siku kwa kila kadi, na noti za 20 zilipoadimika wengi wakaondoka na 50. Wastaafu wasiokuwa na kadi wakafunguliwa matawi machache ili wapewe yuro 120, wakasimama foleni tangu alfajiri. Tarehe 30 Juni Ugiriki ikashindwa kuilipa IMF takriban yuro bilioni 1.5, nchi ya kwanza kati ya zile zinazoitwa zilizoendelea kufikwa na hali hiyo.

Hapa ndipo uanachama wa sarafu moja ulipoonekana ulivyo. Katika kitabu, sarafu ya pamoja ni ya wote. Katika wiki ile, mwenye ufunguo wa kasha alikuwa Frankfurt, na aliufunga mkono wake wakati mpiga kura anafikiri. Hatusemi kwamba benki ile ilivunja sheria zake. Tunasema kwamba kura ilipigwa benki zikiwa zimefungwa, na kila aliyepiga alijua zimefungwa na nani.

Wiki hiyo kampeni ilikwenda kwa lugha mbili zisizokutana. Upande wa "Ndiyo" ulisema swali ni yuro au drakma, kama Merkel na Sarkozy walivyosema Cannes miaka minne nyuma. Upande wa "Hapana" ulisema swali ni heshima. Neno lenyewe, "Oxi", lina historia: kila tarehe 28 Oktoba Wagiriki husherehekea siku waliyomkatalia Mussolini mwaka 1940, na mtoto wa shule analijua. Tsipras aliwaahidi wananchi kwamba hapana haimaanishi kutoka. Tarehe 2 Julai IMF yenyewe ilitoa uchambuzi uliosema deni la Ugiriki halitalipika bila nafuu kubwa na fedha zaidi, yaani jambo lile lile ambalo serikali ya Athens ilikuwa ikilisema na kukemewa. Hakuna karatasi ya kura iliyouliza: nani abebe hasara ya deni lisilolipika?

Hapana ikashinda, Varoufakis akajiuzulu kesho yake, na Tsipras akaenda Brussels. Mezani alikuta karatasi ya wizara ya fedha ya Ujerumani, chini ya Wolfgang Schäuble, iliyopendekeza kwamba kama hakuna mapatano, Ugiriki ipumzike nje ya yuro kwa angalau miaka mitano. Hebu tulitazame jambo hili vizuri. Lapavitsas na mrengo wa kushoto wa Syriza walitaka kutoka ili wadai wapoteze nguvu. Schäuble alikuwa tayari waondoke ili wadai wabaki na nidhamu ya sarafu yao. Mlango ni ule ule mmoja. Mkataba wa Umoja wa Ulaya wenyewe hauna ibara yoyote inayoeleza namna ya kuiacha yuro huku ukibaki katika Umoja.

Tsipras alikubali mkopo wa tatu, hadi yuro bilioni 86, pamoja na mfuko wa mali ya umma wenye lengo la kufikia bilioni 50. Bunge lilipitisha hatua za kwanza kwa kura 229, nyingi zikitoka upinzani. Wabunge wa Syriza waliokataa wakaunda chama chao, kikasimama waziwazi kwa hoja ya kurudi kwenye sarafu ya taifa. Uchaguzi ukafanyika tarehe 20 Septemba. Tsipras alishinda tena kwa asilimia 35. Chama cha drakma kilipata 2.86, chini ya asilimia 3 inayohitajika kuingia bungeni. Chama cha Kikomunisti, ambacho hakiutaki hata Umoja wa Ulaya wenyewe, kilibaki na asilimia 5 na ushei. Mwisho wa programu ulifika Agosti 2018, na mwaka 2020 deni lilipita asilimia 200 ya pato la taifa.

Sasa tuje kwetu, kwa sababu sisi tumewahi kutoka kwenye sarafu ya pamoja, na tulitoka bila kelele. Shilingi ya Afrika Mashariki ilitolewa na Bodi ya Sarafu iliyoundwa London mwaka 1919, ikahudumia Kenya, Uganda na Tanganyika, na Zanzibar tangu 1936. Bodi haikuwa benki kuu. Kwa sehemu kubwa kazi yake ilikuwa kutoa shilingi kwa anayeleta paundi, 20 kwa moja, na kurudisha paundi kwa anayeleta shilingi. Juni 1965 serikali tatu zilitangaza kwamba kila moja itakuwa na sarafu yake, na mwaka 1966 benki kuu tatu zikafunguliwa: Dar es Salaam mwezi Juni chini ya gavana Edwin Mtei, Kampala Agosti, Nairobi Septemba. Shilingi mpya ilibadilishwa kwa ya zamani moja kwa moja. Paundi iliposhushwa Novemba 1967, zote tatu hazikuifuata, zikabaki sawa kwa sawa. Hakuna benki iliyofungwa, hakuna mstaafu aliyelala foleni.

Anayesema Ugiriki ingetoka tu mara nyingi ana mfano huu kichwani. Lakini tazama kilichokuwamo: nyuma ya kila shilingi ya zamani palikuwa na mali ya paundi iliyoweza kugawanywa, na hakuna serikali kati ya zile tatu iliyokuwa imefungiwa milango na wadai. Ilikuwa talaka ya watu wasiodaiwa.

Mfano wetu unaofanana na Ugiriki ni mwingine, na ulikuja baadaye, Tanzania ikiwa na shilingi yake yenyewe. Mwaka 1979, baada ya vita vya Kagera, mafuta kupanda bei na Jumuiya kuvunjika, hazina ya fedha za kigeni ilikauka. IMF ilitaka shilingi ishushwe na matumizi yabanwe. Mtei, sasa waziri wa fedha, alitaka kuafikiana nao, akatofautiana na Mwalimu Nyerere, akajiuzulu. Mwaka mpya wa 1980 Nyerere aliwauliza mabalozi tangu lini IMF imekuwa wizara ya fedha ya dunia. Ilikuwa "Oxi" yetu, na wazazi wetu wengi bado wanaikumbuka kwa fahari. Pia wanazikumbuka foleni za sukari na sabuni, duka la kaya lisilo na kitu, na msako wa wahujumu uchumi wa 1983. Mazungumzo yalivunjika, yakaanza tena, yakavunjika. Mwaka 1986, Rais Mwinyi akiwa madarakani, makubaliano yalitiwa saini, na shilingi iliyokuwa takriban 17 kwa dola ikateremshwa hadi 40 kwa mara moja, kisha ikaendelea kuteremka.

Kwa hiyo nchi yenye sarafu yake ilifika mahali pale pale ilipofika nchi isiyokuwa nayo, mbele ya mdai yule yule, kwa sababu deni lilikuwa la dola. Tofauti ipo, na si ndogo, lakini haiko pale inapotafutwa. Ugiriki mshahara ulikatwa kwa sheria iliyopigiwa kura bungeni, kila mtu akaona namba na jina la aliyenyoosha mkono. Tanzania mshahara ulibaki na tarakimu zile zile; ulikatwa sokoni, katika bei ya kanga na ya mafuta ya taa. Mkulima wa kahawa huenda alipata nafuu kwa shilingi nyingi zaidi za mazao yake, ambayo mkulima wa mizeituni wa Krete hakuipata. Mwalimu wa shule ya msingi Singida aliumia kama mwalimu wa Thessaloniki, ila hakujua amlaumu nani.

Tunayasema haya kwa kuwa Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki ilitiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013, ikalenga sarafu moja mwaka 2024, na lengo hilo limesogezwa hadi 2031. Vigezo vyake vimekopwa kwa kiasi kikubwa kutoka Ulaya: nakisi isizidi asilimia 3 ya pato la taifa pamoja na misaada, deni lisizidi asilimia 50 kwa thamani ya sasa, mfumuko wa bei usizidi 8, akiba ya fedha za kigeni itoshe miezi minne na nusu. Ugiriki nayo iliingia kwa vigezo, na tumeona takwimu zake zilivyokuwa.

Vigezo vinaeleza nani aingie. Havielezi benki kuu ya pamoja itafanya nini wiki ambayo mwanachama mmoja anashindwa kuwalipa wadai wa dola na wananchi wake wanakimbilia mashine za kutolea fedha. Klabu itakaa na itifaki hiyo muhula ujao. Tunawaomba wanachama wasome mapema ibara zinazohusu madeni ya nchi wanachama na mikopo ya dharura kwa mabenki, na walimu wetu wa uchumi na sheria watusaidie kwa jambo moja hasa: dhamana za dola ambazo Kenya na Rwanda zimeuza katika masoko ya nje ziko chini ya sheria ya nchi gani, na zitasomekaje siku shilingi na faranga zitakapoondoka.